Pini ya Bomu la Pili

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu. Lakini siku ile pale Qurum, Muscat, nilifahamu jambo ambalo wakubwa wenye Land Rover walishindwa kulijua kwa miaka ishirini na sita. Aliyelijua kabla yangu ni marehemu mke wangu Benedikta, nami nilimwambia anyamaze. Ndiyo maana naandika.

Ilikuwa Julai 2004, joto la kuchemsha ubongo. Nilikuwa mtunza bustani kwa bwana Marhoon, Mwomani mzaliwa wa Zanzibar, mtu wa kelele lakini roho yake safi. Eisi ya sebuleni, kile kiyoyozi, ilikuwa imekufa tangu jana yake, akaita fundi kutoka mtaa wa Hamriya. Akaja mzee mrefu, kichwa kizima mvi, ngazi begani. Jina lake Bakhit, Mnubi wa Uganda.

Kabla hajagusa kitu alizima swichi kubwa ya ukutani, akatoa mfukoni kitambaa chekundu, akakifunga pale kwenye swichi. Alipomaliza kazi alikifungua, akakiinua juu ya kichwa, mkono umenyooka, akakigeuza huku na huku kama anamwonyesha mtu aliye mbali. Sebuleni hakukuwa na mtu ila mimi, nimesimama mlangoni na mpira wa maji.

"Unampungia nani, mzee? Bibi harusi?"

"Rubani," akasema, akacheka. "Mazoea mabaya. Zamani mimi nilikuwa nafunga mabomu kwenye ndege. Kila bomu lina pini, kila pini ina kitambaa chekundu. Pini ikiwa ndani, bomu limelala. Ndege ikitaka kuruka unachomoa, unamwonyesha rubani: hii hapa, nimetoa, nenda."

"Ndege za nani?"

"Za nani tena? Za Amin."

Mpira ukanitoka mkononi, maji yakalowesha zulia.

"Mwaka sabini na nane ulikuwepo?"

Hapo akanitazama vizuri. "Wewe mtu wa wapi?"

"Bukoba."

Akaanza kukunja ngazi haraka haraka. Nikaishika upande wa pili. Akavuta, nikavuta. Mzee ana nguvu yule! Tukazunguka sebule nzima, tukaangusha kinyweo cha kahawa, mpaka Marhoon akatokea na kikoi chake.

"Khabari gani hapa? Nnamlipa fundi alete baridi, nyinyi mnavutana ngazi kama watoto!"

"Bwana, huyu alitupiga mabomu!"

"Leo?"

"Sabini na nane!"

"Basi kaeni chini," Marhoon akasema. "Haliruki tena hilo."

Tukakaa. Nikamwambia Bakhit yote.

Ilikuwa Oktoba, asubuhi. Redio ilikuwa imesema tutulie, hali ni shwari. Ndege ikaja kutoka upande wa ziwa, ikatupa mawili. La kwanza likaangukia kisimani. La pili likaingia kwenye kibanja chetu, katikati ya migomba, likazama nusu ardhini, kimya. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi. Benedikta ndiye aliyekwenda kuliangalia, kichwa ngumu yule mwanamke, akarudi anakimbia: "Fulgence, lina kitambaa chekundu puani!" Nikamwambia nyamaza, umechanganyikiwa. Wakubwa walipokuja na Land Rover aliwaambia mara tatu. Mmoja akamjibu, "Mama, nenda kapike."

Wakachimbia nguzo kuzunguka kibanja. Hakuna kuingia, hakuna jembe, wataalamu wanakuja. Kwanza wakasema vita viishe. Vikaisha. Kisha hakuna mafuta. Kisha faili limepelekwa mkoani. Waliosema hayo walijenga nyumba za bati, wakastaafu, wakazikwa kwa heshima, na bomu lipo.

"Na kwetu Wahaya mtu huzikwa kwenye kibanja chake," nikamwambia Bakhit. "Kwenye migomba aliyoipalilia. Benedikta alikufa mwaka elfu mbili na moja, malaria. Mimi nilikuwa Hail, huku huku Omani, kwa bosi aliyefungia pasipoti yangu kwenye droo. Wamemzika uwanja wa misheni, na watu wasio na kwao. Aliugua wiki mbili, na binti yetu Anjelina anasema alikuwa anauliza jambo moja tu: mtanilaza wapi? Mwezi ujao narudi moja kwa moja. Nataka kumrudisha nyumbani. Mwenyekiti wa kijiji anasema jembe haliingii mpaka bomu litoke, na bomu halitoki."

Bakhit alikuwa ameinama. Akauliza polepole, "Kitambaa alikionaje? Kina kitu?"

"Alisema kina alama nyeupe. Kama mguu wa kuku."

Akaingiza mkono mfukoni, akatandaza kile kitambaa juu ya goti. Pembeni kilikuwa kimeshonwa uzi mweupe, mistari mitatu imekutana chini. Mguu wa kuku!

Marhoon akasema, "La ilaha illa Llah," akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Kila fundi alikuwa na alama yake," Bakhit akasema, "ili pini ikileta taabu wajue wa kumpiga risasi. Hii nashona mpaka leo, mkono unashona wenyewe. Siku hiyo injini inanguruma, mkubwa mmoja ana bastola nyuma yangu, haraka, haraka! Rubani mwenyewe jasho linamtoka, hataki kwenda. Nikachomoa pini moja. Nikainua kitambaa. Rubani hakuhesabu, akaenda. Mimi narudi kwenye ubao wa kutundikia pini, misumari miwili, kitambaa mkononi kimoja." Akanyanyua kidole. "Nikakata kingine kwenye pazia la ofisi yao. Nikatundika. Miaka ishirini na sita sijamwambia mtu, hata mke. Nilijiona fundi mbaya kuliko wote."

"Kwa hiyo limelala?" Nikasimama. "Limelala, mzee Bakhit?"

"Limelala."

Niliruka! Mtu mzima wa miaka hamsini na nne, niliruka juu ya zulia lililolowa, nikateleza, nikaangukia kochi, nikasimama tena. "Alisema! Benedikta alisema! Narudi kulima kesho!"

"Usiende na jembe, mjinga wewe!" Bakhit akafoka. "Chuma kimezeeka. Pini inazuia, lakini bomu ni bomu. Waje wanajeshi. Mtu akiwaambia ni aina gani na pini iko wapi, wanajua la kufanya."

Kisha akauliza, "Na lile la kwanza?"

Nilitaka kumdanganya, siwezi kusema kwa nini. Nikamwambia kweli. Kisimani alikuwepo jirani yetu Paulina, anachota maji. Aliacha watoto wanne.

Akakikunja kile kitambaa mara nne, eisi ikaanza kuleta baridi.

"Lile nilichomoa vizuri," akasema.

Marhoon ndiye aliyetuamsha. Alinitupia simu yake. "Piga. Sasa hivi, nnakwambia! Mambo ya mwenyekiti wenu yamenichosha mimi, sembuse nyinyi."

Nikapiga. Mwenyekiti akapokea, nikamweleza mbio mbio, maneno yanagongana. Akanijibu kwa ile sauti yao, ya mtu anayekula. "Fulgence, haya mambo yana taratibu. Faili liko mkoani. Wewe ukija tutakaa, tutaongea..."

Bakhit akaninyang'anya simu. Akasimama katikati ya sebule, kifua mbele, na sauti iliyotoka sijaisikia tena kwa binadamu.

"Mwenyekiti! Umesimama au umekaa?"

Simu ile ilikuwa inasikika mpaka nje. "Ni... nimekaa."

"Simama!"

Tukasikia kiti kinakwaruza sakafu, Bukoba kule! Marhoon akajiziba mdomo kwa kikoi.

"Shika kalamu! Andika!" Akamtajia aina ya bomu, uzito, pini ilipo, kichwa kinavyokaa. "Soma nisikie!" Mwenyekiti akasoma kama mtoto wa shule. "Umekosea uzito! Rudia!"

"Mwambie nna mjomba waziri!" Marhoon akanong'ona.

"Unaye kweli, bwana?" nikamuuliza.

"Sina. Yeye atajuaje?"

Mwenyekiti akauliza kwa adabu, aandike taarifa imetoka kwa nani? Hapo Bakhit akageuka kutazama nyuma yake, nikajua anaiona ile bastola. Nilitaka kumwambia asitaje. Sikumwambia. Nilikuwa namtaka Benedikta kuliko nilivyomhurumia yeye.

"Andika Bakhit," akasema. Akataja jina la baba yake na la babu yake, na namba yake ya jeshi, tarakimu moja moja, bila kukosea. "Mimi ndiye niliyefunga bomu hilo. Na lile la kisimani. Anayenitaka anipigie Muscat."

Faili lililoshindikana miaka ishirini na sita likatembea siku tisa. Anjelina alinipigia: wanajeshi wamekuja, wamehamisha watu, wamelibeba. Kitambaa kimeoza, lakini pini ipo puani. Na wakubwa wameandika kwamba ofisi yao ndiyo iliyogundua. Waandike tu. Siku ile wangemsikiliza mwanamke mmoja, wasingekuwa na cha kugundua.

Kwenye uwanja wa ndege wa Seeb, Bakhit alinisindikiza na kitambaa chake. "Peleka kwa watoto wa Paulina."

"Upeleke mwenyewe," nikamwambia. "Chumba kipo, ndizi zipo."

Akakikunja, akakirudisha mfukoni. Alisema ataomba likizo. Namsubiri.

Siku ya kumrudisha Benedikta tulizing'oa zile nguzo, wanawake wakazipikia chakula cha wageni. Mwenyekiti alikuja na karatasi ya hotuba. "Mwenyekiti," nikamwambia, "umesimama au umekaa?" Akakaa. Migomba ilikuwa imeota ovyo mpaka inazuia jua. Wanajeshi walishapima kila mahali, wakasema salama, lakini hakuna aliyetaka kuanza kuchimba. Wananingoja mimi.

Nikashika jembe, nikalinyanyua, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Watu wote waliruka nyuma, hata padri, msalaba ukamponyoka.

Hakikulia kitu ila udongo. Mweusi, laini, haujaguswa tangu alipoupalilia yeye.