Koma ya Tatu

Masha, kaka yake Nyamvula, alipochukuliwa kuendesha malori ya jeshi huko Burma, aliacha nyumbani malori matatu madogo aliyoyachonga kwa mti wa msufi. Nyamvula akaona si vyema yalale kapuni. Juu ya ubao akajenga boma lao la Changamwe, dogo la kubebeka kwa mikono miwili, ili yangoje humo hadi mwenyewe arudi.

Alilichakaza kwa subira lifanane na lile la kweli: makuti akayafukiza moshi wa jikoni, kuta akazipaka masizi na maji ya misumari yenye kutu. Nyuma ya kijumba, pale pale ubaoni, akasimika koma, vile vijiti ambavyo Wagiriama husimikia wafu wao: kimoja cha babu, kimoja cha baba. Akaona pengo, akaongeza cha tatu.

Mama yake, Kaviha, akainama kutazama. "Umepatia, mwanangu. Hata ule ufa wa mlango. Na huyu wa tatu ni nani?"

"Si mtu, mama. Pengo lilinikera tu."

"Koma haizibi pengo. Koma ina mwenyewe."

Nyamvula akakivuta kijiti. Kilikataa, ilhali alikichomeka asubuhi ile ile. Kilipotoka, ncha yake ya chini, ambayo hakuipaka chochote, ilikuwa imeliwa na mchwa, kama iliyokaa ardhini miaka.

Kaviha akaleta tembo la mnazi katika kifuu, akaliweka kando ya lile tundu. "Ameshasimama, atataka kinywaji. Mwite jina."

Nyamvula akajiziba mdomo kwa viganja. Jina lililomjia lilikuwa moja tu.