Kadi ya Thelathini na Moja

Kikao cha bodi ya shule za Harlan Falls, Ohio, kilifunguliwa saa kumi na mbili jioni katika ukumbi wa mpira wa kikapu. Wote walisimama, mkono kifuani, wakaiapia bendera ya taifa, kisha wakakaa kugombania bendera nyingine: ile ya upinde wa mvua, ya mashoga na waliobadili jinsia, itundikwe Juni, mwezi wao, au isitundikwe? Na mwanafunzi akiomba aitwe kwa jina jipya, la kike au la kiume, mwalimu amkubalie? Kila msemaji alikuwa na dakika tatu, zikipimwa kwa saa ya jikoni.

Wynn, wa miaka kumi na mitano, alijaza kadi ya kuomba kusema, ya thelathini na moja. Maneno yake aliyaandika kiganjani: sasa naitwa Wynn, naomba mwalimu wa hesabu aniite hivyo, kisha tuendelee na hesabu.

"Watoto wetu wanaharibiwa akili," alisema Dwight Kessler, daktari wa meno ambaye wanawe walishastaafu Florida. Wynn akainuka kitini inchi moja, akaelea hewani.

"Watoto wetu wanaumizwa na midomo kama yako, Dwight," alijibu Marcy Oyler, mwenye beji kumi na moja kifuani. Wynn akapanda nyingine. Jirani yake alisogeza kahawa isije ikapigwa teke.

Kila aliyetaja watoto wetu alimpandisha, na hakuna aliyetaja mara moja tu. Kufikia kadi ya ishirini alikuwa usawa wa kikapu. Upendo wote huo ulimchosha.

"Umekula lakini?" mama yake, Jolene, alimuuliza kutoka chini.

"Nimekula, mama."

Hatimaye mwenyekiti, Lorna Hatfield, akaita kadi ya thelathini na moja.

"Niko huku juu," alisema Wynn, mgongo darini.

"Tunakuona, mwanangu. Ila kanuni inataka usemee kwenye kipaza sauti."

Waya haukufika. Ngazi ilikuwepo stoo, lakini bima ya shule ilikataza kuipanda bila fundi mwenye cheti. Wynn akaanza kusema hivyo hivyo.

"Ona mlivyomfanya," alisema Dwight.

"Mmemfanya nyie," alisema Marcy.

Ukumbi mzima ukadakia, na saa ya jikoni ikalia.

"Ahsante kwa maoni yako," alisema Lorna.

Bodi ilikubaliana kwa kauli moja kwamba mtoto wa namna hiyo afungwe kamba, asipotee. Ikabaki rangi ya kamba: moja, au zote za upinde wa mvua? Waliigombania saa nzima, wakaiahirisha. Jolene alimrudisha nyumbani kwa kamba ya kuanikia nguo.

Asubuhi mwalimu wa hesabu aliingia darasani, akafungua orodha, akatazama darini, akamwita Wynn kwa jina la zamani. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwalimu vinginevyo.

Wynn akaitika. Mtihani wa hesabu ulikuwa Ijumaa.