Bunduki ya Mchezo Barabarani

Arsenio Tupas, ambaye sisi wenzake tulimwita Seniong, alikuwa fundi wa viyoyozi mjini Silay. Alikuwa mpole, mtu wa kupitisha wiki nzima bila kupaza sauti. Siku yake ilikuwa Jumapili. Akitoka misa alivaa magwanda, akapanda pikipiki na kuja kwenye kiwanda kibovu cha sukari nje ya mji, ambako timu yetu ilikuwa ikipigana vita vya bunduki za mchezo, zile zinazorusha vipunje vya plastiki. Huko Seniong alikuwa mtu mwingine. Alitambaa, alipiga kelele, alikufa na kufufuka mara tano kabla ya chakula cha mchana.

Bunduki yake aliipenda kupita kiasi. Bunduki hizo zote huja na ncha ya rangi ya chungwa mdomoni, ili kila anayeiona ajue ni ya kuchezea. Seniong aliipaka ncha ya bunduki yake rangi nyeusi.

"Ile chungwa ilinifanya nionekane nimeshika bomba la maji," alisema, nasi tukacheka. Hakuna aliyemwambia aifute.

Lakini katika kuibeba alikuwa mwangalifu. Alichomoa magazini, kile kikasha cha vipunje, akatenganisha betri, akaitia bunduki kwenye begi refu na kulifunga kwa kamba za mpira juu ya kiti, likiwa limelala kufuata urefu wa pikipiki, lisije likamgonga mtu pembeni. Ndivyo alivyofanya miaka yote, isipokuwa Jumapili moja ya mwezi wa pili.

Asubuhi hiyo zipu ya begi ilipasuka toka mwanzo hadi mwisho. Shemeji yake, Gaudencio, au Dencio, kaka wa mkewe, alikuwa ameshakaa nyuma ya pikipiki, helmeti kichwani, akinyoosha mkono mbele kupiga honi kama mwenye harusi.

"Shemeji, twende! Wataanza bila sisi."

"Ngoja kwanza. Begi limekufa."

Mkewe Seniong, Nenita, alitoka ndani na blanketi. "Izungushieni hili, mkafunge na kamba vizuri."

"Blanketi?" Dencio akaangua kicheko. "Dada, tunaenda vitani au tunaenda kulala? Nipe hiyo bunduki, nitaishika mwenyewe. Nitaifunika na koti."

"Dencio, watu wataiona."

"Nani ataiona? Dakika kumi tu hizi."

Seniong alimtazama mkewe, akamtazama shemeji yake, akatazama saa. Kisha akawasha pikipiki. Tangu siku ile amenieleza kipande hicho mara nyingi kuliko kingine chochote: blanketi lilikuwa pale, mkononi mwa mke wake, na yeye akawasha pikipiki.

Kwenye kona ya njia ya kwenda kiwandani palikuwa na kibanda cha Loreta, mjane wa makamo ambaye kila mtu alimwita Manang, yaani dada mkubwa. Aliuza uji wa wali na kuku, wenye tangawizi ya kukutoa jasho. Miaka mitatu nyuma, mumewe, dereva wa malori ya miwa, alipigwa risasi hatua chache kutoka kibandani hapo. Waliompiga walikuwa wawili, wamepakizana kwenye pikipiki, nyuso zimefichwa na helmeti. Hawakupatikana. Manang Loreta aliendelea kuuza uji palepale, kwa kuwa hakuwa na pengine.

Sote tulikijua kisa hicho. Seniong naye alikijua.

Walipofika kwenye kona, lori la miwa lilikuwa linageuka, ikabidi wapunguze mwendo mbele ya kibanda. Upepo wa lori ukalichukua koti likaanguka barabarani. Dencio, kwa kuogopa bunduki isiunguzwe na bomba la moshi, akainyanyua juu.

Manang Loreta alikuwa anachota uji. Aliinua macho akaona pikipiki ikienda polepole, wanaume wawili, helmeti mbili, na mtutu mweusi. Hakupiga ukelele. Alimsukuma chini mzee aliyekuwa akinywa uji wake, kisha yeye mwenyewe akajitupa chini ya meza. Mguu wa meza ukateleza. Sufuria yote ikammwagikia mkono wa kulia na bega.

Hapo ndipo alipopiga ukelele.

Seniong alisimamisha pikipiki na kukimbilia kibandani, helmeti bado kichwani. Wateja walipomwona anakuja walitawanyika wakaingia kwenye shamba la miwa. Dencio naye akapagawa.

"Ni ya mchezo! Jamani, ni ya mchezo, tazameni!"

Na ili waamini, akaielekeza chini na kufyatua. Tararara! Betri ilikuwa imeunganishwa, magazini nayo ilikuwa ndani. Hakuna aliyekumbuka kuzitoa. Vipunje vikaruka kwenye lami, na si wateja wote waliokuwa wamekimbia. Waliobaki wakalala kifudifudi, wengine wakisali kwa sauti.

"Itupe!" Seniong alimfokea. "Dencio, itupe, mjinga wee!"

Walinzi wa mtaa walipofika na marungu, waliwakuta Seniong na Dencio wamelala chini wenyewe, mikono kisogoni. Polisi waliichukua bunduki, wakawaweka hadi jioni, wakawaachia. Sheria iliona ni uzembe tu. Kwa Manang Loreta jambo halikuwa jepesi hivyo. Alilazwa hospitali, na alipotoka vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekakamaa.

Seniong alikwenda kumwona wodini, machungwa mkononi, akasimama mlangoni kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Ingia, mdogo wangu," Manang alisema. "Sitakuuma."

"Manang, nisamehe. Sikufikiri."

"Najua hukufikiri. Ungefikiri ungekuja hivyo? Unajua niliwaza nini pale chini ya meza? Niliwaza, kumbe wamerudi. Nikawaza, afadhali, sasa nitaona sura zao. Halafu ukavua helmeti, nikaona ni wewe, fundi wa viyoyozi."

Seniong alilia. Manang alimwacha alie, hakumbembeleza.

Tangu siku hiyo shemeji hao wawili hawakuelewana tena. "Tumeomba radhi, hospitali tumelipa. Unataka tujinyonge?" Dencio alimwambia mezani, mbele ya Nenita. Dencio akahamia timu nyingine.

Sisi tuliobaki tulibadilika, tukiwa tumechelewa. Leo mtu akija uwanjani na bunduki isiyo ndani ya begi lililofungwa, tunamrudisha nyumbani. Ncha za chungwa zimerudi midomoni. Na kila ninapoiona moja nakumbuka tulivyocheka siku ile Seniong alipoipaka yake rangi, na jinsi ambavyo neno moja kutoka kwa yeyote kati yetu lingetosha.

Seniong mwenyewe hakucheza tena. Bunduki aliporudishiwa, aliipeleka moja kwa moja kwa fundi chuma akaikata vipande.

Ilipita karibu miezi minane kabla Manang hajafungua tena kibanda. Binti yake ndiye aliyepika; yeye alikaa kwenye kiti akipokea watu. Kila pikipiki iliyopita imepakia wawili, mkono wake ulishika ukingo wa meza na kuung'ang'ania hadi muungurumo ulipofifia. Seniong aliliona hilo siku ya kwanza alipothubutu kwenda, akataka kugeuka arudi. Manang alikuwa ameshamwona.

"Pikipiki umeiacha wapi?"

"Kule kituo cha mafuta, Manang. Nimetembea."

"Na jua hili?"

"Na jua hili."

Manang akachota bakuli la uji mwenyewe, polepole, kwa mkono wa kushoto ambao ulikuwa bado haujaizoea kazi, na mwingi ukamwagikia mezani. Seniong alinyoosha mkono amsaidie.

"Acha," Manang alisema. "Kaa chini, unywe."