Nguo ya Mtoto Aliyepo

Mama mkwe wangu alifika kutoka Magu na sheria zake tatu. Nisinunue wala nisishone nguo yoyote ya mtoto. Nisitamke jina. Na tumbo nilifunike kwa kitenge kipana, watu wasilitolee macho. Mwanamke aliyepoteza wawili, alisema, ujauzito wa tatu anaupita kimyakimya.

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, Dorcas," aliniambia, hata mzigo hajautua.

"Ndiyo, mama," nikajibu. Wakati huo bado nilikuwa na adabu.

Mimi ni fundi cherehani, na banda langu liko karibu na stendi ya Buzuruga. Nimeshona magauni ya ubatizo ya watoto wa mtaa mzima. Wangu wa kwanza alizikwa ndani ya khanga niliyokuwa nimejifunga siku hiyo. Wa pili alizikwa ndani ya khanga ya jirani. Wote wawili waliishia mwezi wa saba, na huyu wa tatu alikuwa amebakiza wiki mbili kuufikia.

Basi akili yangu haikukaa nyumbani. Mwili uko bandani unakanyaga cherehani, akili imeshatangulia mwezi wa saba. Inaingia wodini, inatoka makaburini, inatafuta nani atampa mume wangu Elias taarifa kule kiwandani Nyakato. Ikirudi imeniletea machozi, na kabla sijayafuta imeondoka tena. Elias mwenyewe alikuwa na neno moja tu: "Tuvute subira." Nimelichoka neno hilo. Subira huvuta heri, wanasema, lakini hakuna anayekwambia ufanye nini wakati unaivuta.

Jumatatu moja nilikuwa natia kola kwenye shati la shule. Akili makaburini, kidole chini ya sindano. Ilipita kwenye ukucha ikakatikia humohumo. Nikaenda zahanati na mkono nimeufunga kitambaa, na nesi Hellen akanitoa kile kipande huku akinigombeza kwamba fundi mzima najishona mwenyewe. Halafu akauliza, bila kuinua macho, "Mtoto anacheza?"

"Sijui, nesi."

"Hujui vipi?"

"Wangu huwa wanafika mwezi wa saba tu."

"Sijakuuliza mwezi wa saba. Nimekuuliza mtoto anacheza." Akanyoosha kidole. "Mbona hicho kitenge kinaruka?"

Nikatazama. Kilikuwa kinaruka kweli. Mtoto alikuwa anapiga mateke mbele ya mgeni, mgeni anayaona, na mimi mama yake sikuwepo.

Nilirudi bandani nimefura kwa hasira. Sikumkasirikia nesi. Nilikasirika kwa sababu wale wawili nao lazima walicheza, nami sikumbuki teke hata moja. Wa kwanza nilimpitisha miezi yote nikimchagulia shule. Wa pili nilimpitisha nikimwogopea. Waliishi ndani yangu, wakaishi kwelikweli, na hakuna mtu aliyekaa nao. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hata makaburi, na nilisema moyoni kwamba huyu hapitishwi hivyo. Awe wa siku moja, awe wa miaka themanini, atakuwa na mtu.

Nikavuta kitambaa laini cha njano kilichobaki kwenye kazi ya watu, nikaanza kukata gauni.

Usidhani nilitulia. Nilikuwa sijamaliza hata bega, akili imeshakimbia. Nikaifuata, nikaishika sikio: rudi hapa. Huu ni mshono. Huu ni mguu wangu kwenye pedeli. Hili ni teke, upande wa kulia, chini ya mbavu. Ikakaa kidogo, ikakimbia tena nilipofika kwenye mkono, nami nikaifuata tena. Sikupata amani ya malaika mimi. Nilipata dakika mbili hapa, dakika mbili pale, lakini zilikuwa zangu na za mwanangu, na mpaka jioni gauni lilikuwa limekwisha.

Kesho yake asubuhi nikalifua, nikalianika uani. Kamba yetu upande mmoja imefungwa dirishani na upande wa pili kwenye chuma kilichochomekwa kwenye ufa wa jabali ng'ambo ya ua, kwa hiyo kinachoanikwa pale kinaonekana na wapangaji wote. Nilijua. Upepo wa ziwani ukaingia kwenye mikono ya lile gauni, ikainuka.

Mama mkwe akatoka na beseni lake la nguo. Akasimama.

"Nani kaanika kigauni kile?"

"Mimi, mama."

"Kishushe."

"Hakijakauka."

"Dorcas! Unamchuria mtoto!"

"Wale wawili sikuwashonea hata soksi," nikasema. "Nani aliwachuria?"

Rebeka, mpangaji wa chumba cha mwisho, alikuwa anachambua dagaa, akaacha mkono hewani.

"Na kama…" mama mkwe alianza, akashindwa.

"Kama akiondoka?" nikamalizia mimi. "Basi ataondoka na nguo yake, na mama aliyemjua. Lakini leo hajaondoka, mama. Leo yupo. Sitamficha mtu aliyepo kama vile nimemwiba."

Akatua beseni, akanyoosha mkono kwenye kamba. Nami nikaudaka. Kumshika mama mkwe mkono kwa nguvu si jambo dogo, najua, na ningelirudia hata sasa. Nikauleta ule mkono tumboni kwangu. Tangu afike hakuwa ameligusa. Akauvuta, sikuuachia.

Mtoto akanyamaza.

Tukasimama. Akili yangu ikachomoka mbio kuelekea wodini, na safari hii ilikuwa na sababu. Nikaishika. Mkono wa mama una baridi ya maji ya kufulia. Jua limefika begani kwangu. Rebeka anatutazama. Gauni linapepea. Ndivyo ilivyo, na zaidi ya hapo sijui kitu, wala huyu mama hajui.

Likaja teke. Kubwa, la kusukuma.

Vidole vya mama mkwe vikafunguka vyenyewe. Hakuuvuta tena mkono, ingawa mimi nilikuwa nimeshauachia. Likaja la pili. Aliwatazama wapangaji mmoja mmoja, kama anayewauliza wana tatizo gani, kisha akajifunga khanga vizuri na kuinama polepole, magoti yakimlalamikia, mpaka kinywa chake kikawa usawa wa kitovu changu.

"Mwangaluka," alisema.

Ni salamu yao ya asubuhi, Wasukuma, na hakuna mtu anayeamkia chumba kitupu. Akabaki ameinama, anangoja aitikiwe.

"Mwangaluka!" nikaitikia kwa niaba ya mwanangu, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu.