Umri wa Éliézer

Kila asubuhi saa tatu Anaclet alivua koti, akawasha kompyuta, akaanza kuwapa kulungu umri. Ofisi ilikuwa hatua chache kutoka kituo cha metro cha Schuman, Ubelgiji. Kulungu wenyewe, wale wa mkia mweupe, walikuwa Texas, katika shamba la tajiri mmoja Mbelgiji, ndani ya uzio wa mita mbili na nusu. Kamera zilizofungwa mitini ziliwapiga picha wakila mahindi waliyomwagiwa. Dume mwenye shingo nyembamba na miguu mirefu alikuwa wa mwaka na nusu, akaachwa. Mwenye tumbo lililoshuka alikuwa mkubwa. Mkubwa mwenye pembe nzuri alihifadhiwa kwa ajili ya mgeni mwindaji. Mkubwa asiye na pembe alipunguzwa kwa risasi. Ndivyo walivyosema, alipunguzwa, na Anaclet alishalizoea neno hilo.

Oktoba 2011, katika picha ya saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, mdogo wake Éliézer alikuwa kwenye mahindi, katikati ya majike wawili. Walipotezana naye mwaka 1996 wakiikimbia Bukavu, akiwa na miaka tisa. Sasa alikuwa kijana mwembamba. Fomu ilitaka jinsia, pembe na umri. Anaclet akaandika: dume, hana, mwaka na nusu. Kwenye maelezo akaongeza: ni mdogo wangu.

Jioni alimwonyesha dada yao Antoinette, kwake mtaani Evere.

"Njo yeye," Antoinette akakubali. "Banamupa nini kule?"

"Mahindi."

"Bon. Donc anakula."

Anaclet aliandika barua tatu kuomba atolewe. Akajibiwa kwa adabu kwamba kilicho ndani ya uzio ni cha shamba. Basi ikabaki fomu, na kila msimu aliandika mwaka na nusu. Yeye mwenyewe, alipofika Ubelgiji akiwa na miaka kumi na sita, alipigwa picha ya meno na ya kifundo cha mkono ili kupimwa umri, akaambiwa ana ishirini na mmoja. Faida ya kuwa mtoto aliijua vizuri.

Lakini mahindi nayo hunenepesha. Kufikia 2014 Éliézer alikuwa na kitambi.

Madame Viviane, msimamizi, akavuta kiti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Anaclet.

"Mwaka wa nne huu unaandika mwaka na nusu."

"Madame, ni mdogo wangu."

"Najua, nimesoma maelezo. Lakini itazame shingo."

Anaclet akaitazama. Ilikuwa shingo ya mtu mzima, ya baba yao kabisa. Viviane akafuta, akaandika mwenyewe: mkubwa, kisha akaenda kumletea kahawa.

Katika picha ya mwisho Éliézer alikuwa amesogea hadi mbele ya kamera, kinywa wazi, akionyesha meno.

Kesho yake, saa ileile, walikuja majike saba na madume wawili, bila Éliézer. Anaclet akawapa umri mmoja mmoja, sawasawa.