Mkamwana Asiyelala

Mke wangu Deodata alianguka akipalilia maharage kwetu Kirushya, mwaka tisini na tano, wakati wakimbizi walikuwa wametuzidi wenyeji kwa idadi. Alishika kisogo, akasema kichwa kimepasuka, akatapika. Hospitali walituelekeza kambini, kwenye mahema ya madaktari wa kigeni, maana huko ndiko kulikuwa na mashine.

Daktari alikuwa mama wa Kizungu asiyejua Kiswahili. Maneno yake tuliyapata kwa Ndikuriyo, muuguzi, naye mkimbizi kutoka Burundi. Kirundi chake na Kihangaza chetu vinasikilizana, kwa hiyo Deodata alimzoea upesi. Ndikuriyo alitueleza kwamba mshipa ulipasuka ndani ya kichwa, ukaziba wenyewe. Hatari iliyobaki ni kwamba damu iliyomwagika huifanya mishipa mingine ijibane, na sehemu ya ubongo ikakosa damu. Mpaka hatari hiyo ipite, Deodata alale chali na anywe maji mengi. Asinyanyuke, hata kwa haja.

Kila asubuhi walimpaka mafuta mazito kwenye panja, wakabandika kidude cha altrasaundi, na damu yake tukaisikia kwenye spika ikipita, shwaa, shwaa. Sauti ikiwa nene, mshipa uko wazi. Ikipanda, mshipa umebana na damu inapenya kwa kasi. Mwanzoni ilikuwa nene. Baadaye ikaanza kupanda, na daktari akaacha kutabasamu.

Kanisani Deodata aliimba sauti ya pili. Aliisikiliza mashine, akanigeukia.

"Novatus, waambie kwaya nimehamia sauti ya kwanza."

Ndikuriyo alicheka, kisha akaniita nje. Aliniuliza kama baba yangu yu hai. Nikasema yupo. Akasema mzee asiingie mle hemani kabisa, kwa kuwa hata kwao mkamwana halali mbele ya baba mkwe. Alitundika kitenge kuzunguka kitanda, nami nikatuma ujumbe nyumbani.

Baba yangu, mzee Frednand, alimpenda Deodata kuliko alivyonipenda mimi, na hakuficha. Alikuja kwa miguu na ndizi mbivu kwenye kikapu. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji. Yaliyotokea nilisimuliwa na Kezia, aliyekuwa akimuuguza mwanawe kitanda cha pili.

Mzee alisimama nje ya hema, akakohoa, kama mwanamume yeyote wa kwetu anavyokohoa akifika mlangoni kwa mwanawe. Deodata alikijua kikohozi kile. Kezia alimwambia alale, hakusikia. Alishuka kitandani, akafunga kanga vizuri, akasogeza kitenge, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alitaka kuongeza neno, mdomo ukaenda upande. Akaanguka kwa bega la kulia.

Nilipofika walikuwa wameinua miguu yake na kufungulia dripu. Ndikuriyo alisogeza kidude kwenye panja la kushoto, akakisogeza tena, na tena. Kwenye spika kulikuwa na mkwaruzo tu. Upande wa kulia uliimba kama filimbi.

"Kushoto haipiti," alisema. Daktari alizima mashine mwenyewe.

Nilitoka nikiwa na hasira. Nilimuuliza baba kama ujumbe wangu haukufika.

"Ulifika. Uliniambia nisiingie," alijibu. "Nimeingia?"

Kweli hakuingia. Alikuwa bado amesimama palepale, na kikapu mkononi.

Deodata hakusema tena. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, na kila asubuhi hata ile filimbi ya kulia ilizidi kuwa nyembamba. Baba alilala kwenye mahema ya waliouguza, akala alichopewa na Kezia, na mlango wa hema letu akaukwepa kwa kuzunguka mbali. Mwishowe Ndikuriyo alisema hakuna cha kulinda tena. Alikiondoa kitenge, akaenda kumleta mzee mwenyewe, amemshika kiwiko.

Baba alisimama pale. Tangu nimuoe, alikuwa hajawahi kumwona amelala. Deodata alifumbua jicho. Mkono wake wa kushoto ukatafuta ukingo wa kitanda, ukaushika, ukaanza kuvuta. Shingo ikakakamaa. Nilimsihi aache. Aliendelea kuvuta.

Baba alivua kofia. Kisha akapiga goti, akajinyoosha chini juu ya turubai lenye matope, na koti lake la kanisani, mzima mzima, miguu ikafika kitanda cha pili.

"Sasa tumelala wote," alisema akitazama juu. "Tulia, mwanangu."

Mkono ukaachia. Deodata alikufa kabla jua halijatua, na baba alikuwa bado chini.