Kochi Jekundu la Mkunya

Brigita hakuwa mzee mpaka mwanawe alipomnunulia kochi. Godwin, bosi mdogo wa ofisi moja Masasi, mwenye tumbo linalotangulia mlangoni, alilileta kijijini Mkunya, akafungia jembe la mama yake stoo, akaajiri binti wa kuchota maji, kisha akawatangazia majirani kwamba mama wa Godwin hafanyi kazi tena.

Brigita alikaa. Alikaa hata magoti yakasahau kazi yao. Mwaka jana korosho zake ziliokotwa na vibarua, nusu zikaozea kwenye majani. Sasa msimu ulikuwa unarudi, na yeye alitaka jambo moja tu: kuziokota kwa mkono wake.

Godwin alitaka sifa. Alimleta Dokta Getrude, mwalimu wa chuo anayetafiti jinsi ya kuwakinga wazee wasinyong'onyee, ili matunzo yake yaingie kitabuni. Siku hiyo Godwin alivaa suti. Jua la Oktoba, vumbi la Mkunya, na suti.

Dokta alitoa shikamoo, akamwomba Mama anyanyuke bila kushika popote. Brigita alijaribu, akarudi chini kama kiroba cha mihogo. Godwin alitikisa kichwa cha msibani, akaeleza kuwa ndiyo maana hamruhusu kushika hata ufagio.

"Kaka Godwin, hajachoka kwa uzee, amechoka kwa kukalishwa," Dokta alisema. "Kazi anayoipenda ndiyo dawa yake. Umemnyang'anya."

"Watu watasema nini wakimwona mama yangu ameinama shambani?"

"Watasema ana kiuno," Brigita alijibu. "Kuku akifungwa miguu anajua anasubiriwa na sufuria. Mimi ulinifunga kwa kochi, nikashukuru."

Dokta alimwelekeza aanze taratibu: kunyanyuka kwenye kigoda kila asubuhi, kupepeta, kisha kutembea hadi ukingoni mwa shamba. Jembe lilitoka stoo.

Mabibo yalipoanza kudondoka, Brigita alifika mikoroshoni kwa mkongojo, akiokota mabibo na kunyofoa korosho, akipumzika alipotaka. Jumamosi moja Godwin alikuja, na kwa kuwa majirani walikuwa wanatazama, akainama naye. Kabla ndoo haijafika nusu alikuwa ameshika mgongo, jasho linamtiririka, anatafuta pa kujiegemeza.

Mama yake hakuinua hata kichwa.

"Nenda nyumbani ukakae, baba. Kochi lako lipo."